Gari Lisiloguswa

Wenzangu wa Ijumaa,

Mliponiuliza pale gereji kwa Haji habari za safari, nilikujibuni neno moja tu, "Sikulipata," nikainamia kikombe changu. Haji akasema uzee umenifanya bakhili hata wa maneno. Ni kweli, lakini si bakhili tu. Kuna mambo ulimi unayakataa na mkono unayakubali, basi naandika. Anayeona amsomee asiyeona, maana sote sita tukikusanywa sidhani kama macho mazima yatafika matano.

Mambo ya tikiti, pasi na mihuri nayaacha. Yalinichosha mara moja, sitaki yanichoshe mara ya pili.

Habari ya gari la baba mnaijua kuliko hata wake zenu. Nairudia kwa ufupi kwa ajili ya Zuhura, binti yangu, ambaye nikianza kuisimulia huwasha redio. Nilizaliwa Mahajanga, mji wa bandari katika nchi ya Wamalagasi, kwa wazazi Wangazija. Baba alikuwa na teksi moja, gari la Kifaransa la miaka ya hamsini, rangi ya maziwa. Dereva wake, ambaye ndiye fundi wake pia, alikuwa Zafy, Msakalava, mwenyeji wa pale, aliyenizidi miaka minane. Kila Ijumaa kabla ya sala kazi yangu ilikuwa kulisafisha, na kile kibati cha namba chini ya boneti nikikisugua kwa limau na jivu mpaka king'are. Kisha ukaja mwaka wa fujo, yakatufika yaliyotufika sisi Wangazija wa mji ule, na tuliosalimika tukaondolewa kwa meli na nguo tulizovaa. Baba alimpa Zafy ufunguo kule bandarini. Akamwambia, "Nitunzie mpaka nirudi." Hakurudi. Nilifika naye Unguja kwa wajomba, nikaoa, nikazeeka, nikatengeneza magari ya watu na kukusanya makukuu mpaka nikapata hako kagari kangu ka Kiingereza mnakokasukuma kila wiki. Lakini gari nililolitaka maishani ni lile moja.

Mwaka jana mjukuu akanionyesha kwenye simu picha ya gari la aina ile ile, rangi ile ile, ndani ya banda huko kisiwa cha Nosy Be. Mwenyewe aliitwa Jaovita. Sasa, sheria yetu ya kwanza ni ipi? Usimtajie mwenye gari namba unayoitafuta, mwache akusomee yeye. Nimewafundisha vijana wangapi sheria hiyo! Mimi nikaandika barua ndefu ya kilio, na namba nikaiweka humo, inaishia na 4713. Baada ya wiki tatu ikaja picha ya kibati, na namba ni hiyo. Nililia mbele ya mjukuu. Daktari alikuwa ameshasema mtoto wa jicho ameiva macho yote mawili, na magoti mnayajua. Nikamwambia Zuhura ni mwaka huu au basi tena. Akaniambia mtu mzima hovyo. Kisha akanifungia sanduku.

Unguja hadi Hell-Ville

Ndege iliniacha Antananarivo siku mbili. Kule juu kuna baridi ambayo sikumbuki kufundishwa shuleni. Nilivaa kanzu, suruali na sweta la marehemu mke wangu, nikakaa hotelini na shuka mabegani, nimekasirika na kila mtu.

Uwanjani askari alifungua mfuko wangu wa vyombo. Mlioko kwenye kazi mnajua mzee wa magari haendi kuona gari mikono mitupu: bisibisi mbili, spana ndogo tatu, taa ya kichwani, kioo cha kukuzia, penseli nene na karatasi laini ya kunakilia namba. Akaniuliza mimi ni daktari wa meno? Kifaransa changu cha miaka hamsini iliyopita kikanisaliti. Nilijitahidi kumweleza kwamba nakwenda kuliona gari la baba baada ya muda mrefu, yeye akaelewa baba kafa katika ajali ya gari. Akavua kofia, akanipa mkono, akanifungia mfuko mwenyewe bila kugusa kitu tena. Sikumsahihisha. Nilifurahi kupita.

Hell-Ville, mji mkubwa wa Nosy Be, nilifika nikiwa na homa ya mafua na njaa. Karibu na bandari nikamkuta mama anauza mokary, vile vitumbua vya mchele na nazi, moto moto. Nilikula saba nimesimama. Tangu meli ile iliyotuondoa sikuwa nimeonja ladha hiyo, na nakuambieni bila aibu kwamba cha nane nilikifunga kwenye leso nikaenda nacho.

Dzamandzar

Njia ya kwenda Dzamandzar inapita kwenye mashamba ya mlangilangi, hewa yote inanukia harusi. Kisha harufu inakwisha na unaingia katika mji uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari, na kiwanda chenyewe kimefungwa. Mabomba yameng'olewa, paa limetoboka, na vichwa vya treni vya mvuke vimekaa kwenye reli majani yakiwaota tumboni. Nilimwambia dereva wa teksi asimame nitazame. Alisimama, akanitazama mimi.

Jaovita alikuwa fundi mitambo wa kiwanda hicho miaka yake yote ya nguvu. Mtu mpole, shati limepigwa pasi, kucha safi kuliko za daktari. Alinipokea kama ndugu. Lakini siku niliyofika ilikuwa Jumanne, na katika ukoo wake Jumanne ni mwiko, wao huita fady, kushika chuma na kufungua kilichofungwa. Banda liko hatua kumi na tano kutoka barazani na mlango una kufuli. Nilimwomba nichungulie tu kwenye ufa. Akasema kwa upole kwamba hata yeye mwenyewe hachungulii.

Basi nilikaa Jumanne nzima nikiutazama mlango wa banda. Mkewe akatupa wali na samaki wa nazi, kisha ranovola, maji yaliyochemshwa katika ukoko wa wali, ambayo ukiwa na mafua yanakufaa kuliko dawa. Jaovita alinisimulia namna walivyokuwa wakizitunza mashine zao. Kipuri kikivunjika walikitengeneza, kibati kikipotea walichonga kingine kwa kufuata karatasi ya oda, na kazi ikaendelea. Nilimsikiliza nusu nusu. Nusu nyingine ilikuwa kule bandani.

Jumatano alfajiri akafungua. Gari lilikuwa chini ya turubai, rangi ya maziwa iliyochakaa kwa heshima, haijaguswa na brashi ya mtu. Mnajua sisi tunavyosema, gari likipakwa rangi mara mbili limekufa mara moja. Hili lilikuwa hai. Jaovita akainua boneti. Nilivaa taa kichwani, nikachukua kioo cha kukuzia, nikasoma tarakimu moja moja mpaka mwisho: nne, saba, moja, tatu. Nikaketi kwenye debe, machozi yananitoka.

"Ndilo ulilolitaka?" akaniuliza.

"Ndilo," nikamwambia.

Alifurahi mno. Alikwenda kumwita mkewe aje anione ninavyolia.

Niseme kweli hapa. Teksi ya baba duara la honi kwenye usukani lilikuwa limevunjika, Zafy akalifunga kwa waya wa shaba. Hili duara lake zima. Nilijiambia limebadilishwa. Taa ya ndani ilikuwa upande mwingine, nikajiambia nimesahau. Miaka arobaini nimekuwa nikiwacheka watu wanaonunua gari kwa moyo, na siku yangu ilipofika niliyafumba macho yenyewe yaliyobaki.

Lakini gari haliwezi kutoka nchini bila kadi yake ya zamani. Jaovita hakuwa nayo, baba alimwachia Zafy siku ile ya bandarini. Kwa hiyo ilinibidi kwenda Mahajanga, mji ambao nilikuwa nimeapa sitaukanyaga.

Kivuko, kisha lori la chupa

Boti ya kuvuka hadi Ankify ilichelewa kwa sababu nahodha alikuwa na msiba, na hakuna aliyemlaumu. Ng'ambo nikaambiwa njia ya kusini imeharibiwa na mvua, magari ya abiria yamesimama. Aliyekubali kunichukua ni dereva mmoja aitwaye Edmond, lori lake limejaa makreti ya chupa tupu za bia akizirudisha Mahajanga. Mimi haji, na ndevu zangu hizi, siku tatu na chupa elfu za bia zikigongana mgongoni. Haji wa gereji, cheka ukimaliza uendelee kusoma.

Siku ya pili springi ya nyuma ikakatika, jua la saa saba, hakuna mti. Edmond akatoa ubao mgumu na mipira iliyokatwa kutoka tairi kuukuu, akaanza kuufunga ubao kwenye springi. Nikaona anaufunga kinyume. Mtu wa magari hawezi kunyamaza, mnajua. Nilijitumbukiza uvunguni nikamwonyesha. Alinisikiliza, akasema ahsante mzee, akaendelea vile vile alivyokuwa akifanya, na ubao wake ukatufikisha. Mimi ndiye niliyeshindwa kutoka. Goti lilikufa ganzi na mkono haukuwa na nguvu ya kuniinua. Nililala kifudifudi kwenye vumbi nikingoja, mpaka Edmond na msafiri mwingine waliponivuta kwa miguu kama mbuzi. Walinipangusa bila kucheka. Wangecheka ningeona afadhali.

Nilikaa kivulini mwa lori nikafikiri juu yetu sote. Tulikuwa kumi na wanne tulipoanza, na kila anayekufa wanawe wanauza gari kabla ya arobaini. Juu ya kabureta tunazungumza wenyewe kwa wenyewe, na anayetusikiliza hayupo. Nikajiambia hata nikilifikisha gari la baba Unguja, nitaliendesha mara ngapi na macho haya? Jibu nililijua. Nikajiambia si kitu, litakuwa langu.

Mahabibo

Edmond alinishusha mtaa wa Mahabibo, pale pale Mahajanga, mbele ya nyumba ya Mariama, binti wa shangazi yangu, mmoja wa wachache wa ukoo waliorejea baada ya mambo kutulia. Alikuwa hajaniona tangu tukiwa vijana. Alikuja mikono wazi, akafika hatua mbili, akasimama. Nilikuwa nanuka kilabu kizima. Ilinibidi nimwapie Mungu mlangoni, majirani wakisikiliza, kabla ya kupewa maji ya kuoga.

Mariama na mimi tulizungumza Kingazija. Wajukuu zake wanakielewa, wakijibu hujibu kwa Kimalagasi. Nilisali katika msikiti wetu wa utotoni. Salamu ni zile zile, lakini hakuna aliyelijua jina la baba isipokuwa mzee mmoja, naye alinichanganya na kaka yangu aliyeuawa mwaka ule. Nilimwachia anichanganye. Nikatoka nikatembea mitaa ambayo miguu iliikumbuka na macho hayakuiona sawasawa, nikapita penye kona moja ambayo sitaiandika, nikarudi nyumbani kwa Mariama nikalala mchana kutwa nimegeukia ukuta.

Mariama akanipa habari kwamba Zafy alifariki zamani. Mkewe, Velo, yu hai na anaishi mtaa wa Tsaramandroso. Akasema wakikutana sokoni, Velo haachi kuuliza kama kuna neno lolote kutoka kwetu. Nikamwuliza neno gani. Mariama akasema hajui.

Tsaramandroso

Nilikwenda asubuhi kwa bajaji. Velo sasa ni mkongwe mwembamba, mgongo umenyooka, nyumba yake ya mabati imefagiliwa mpaka uwanjani. Nilimwita zoky, kama tunavyomwita dada mkubwa kule, na yeye akaniita zandry, mdogo wake. Alinishika uso kwa mikono miwili akanitazama kwa muda. Kisha akaleta kahawa, na bila hata mimi kusema nimefuata nini, akaingia ndani akatoka na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na kadi ya gari, imefungwa kwa plastiki tabaka tatu, na ufunguo.

Nilitoa kioo cha kukuzia. Nikasoma mara tatu. Nikatoka juani nikasoma tena. Namba ya kadi inaishia na 4173.

Namba niliyoisugua kwa limau kila Ijumaa ya utoto wangu nilikuwa nimeigeuza. Moja na saba zilikuwa zimebadilishana nafasi kichwani mwangu, sijui tangu lini, na gari la Dzamandzar lilikuwa limebeba kosa langu kama lilivyokuwa kwenye barua yangu.

Nilimpigia simu Jaovita pale pale. Nilitaka kumtukana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashangaa kweli kweli. Akasema kibati cha gari lake kilikuwa kimelika kutu, hakisomeki. Mimi nilimwandikia kwamba nataka gari lenye namba hii, basi akachonga kibati kizuri kwa namba hiyo, kama kiwandani mteja anapoleta oda. "Nilidhani unataka namba ya baba yako iwepo juu yake," akasema, "uikumbuke. Si vizuri?" Nikamwambia ni vizuri. Ningemlaumu kwa lipi? Mimi ndiye niliyemsomea namba.

Nikakaa chini. Nikamwuliza Velo gari lenyewe liko wapi basi, Zafy aliliuza?

Hilo la kuuza lilimuumiza, nililiona usoni. Alinishika mkono akanipeleka uwanjani. Chini ya ukuta kuna mawe manne makubwa, yamepangwa pembe nne, kuku wanalala katikati yake. Akasema Zafy alilipandisha juu ya mawe hayo wiki ile ile tuliyoondoka. Waliomjia kutaka kulichoma aliwaambia ni lake. Alilifunika turubai mbili. Kila mwezi alilipangusa, akaizungusha injini kwa mkono isishike kutu, akalifunika tena. Hakuliendesha hata siku moja. Alijifunza neno moja la baba miaka aliyofanya naye kazi, akawa analisema kila mtu alipomshauri alitie barabarani apate riziki: amana. Yeye akarudi kuvuta kwa miguu kile kigari cha abiria cha magurudumu mawili, kazi aliyokuwa ameiacha tangu ujana.

Nisikilizeni, wenzangu. Gari limesimama juu ya mawe, limefunikwa, linazungushwa kwa mkono kila mwezi, halijaguswa na mtu. Si ndilo tunaloliota? Si ndilo tunalosimuliana kila Ijumaa, kwamba mahali fulani kuna mwenda wazimu amelitunza moja hivyo? Kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, moyo wangu ulirukaruka kwa furaha.

Velo akaendelea. Walikuwa na binti, Soa, wa miaka mitano. Mwaka wa tatu baada yetu kuondoka, masika yalikuwa makali, mtoto akapata homa ya degedege mchana. Barabara imejaa maji, vigari vya kuvuta havipiti. Majirani wakamwambia Zafy gari si lile pale. Alikuwa ameweka mafuta ndani ya debe, injini nzima, magurudumu yamo stoo. Alishika ufunguo akasimama mbele ya turubai. Velo alimpigia magoti. Zafy akasema mwenyewe hajaleta neno, akimvunjia amana mtu aliyefukuzwa kwake, atakuwa sawa na waliomfukuza. Akamfunga mtoto mgongoni kwa shuka, akaenda naye kwa miguu majini. Walipofika hospitali Soa alikuwa ameshakata roho mgongoni mwa baba yake, na baba yake hakujua.

Gari lilikaa juu ya mawe hata baada ya hapo. Kimbunga kilipoangusha ukuta juu yake Zafy alikuwa kitandani hajiwezi, na wakusanya chuma chakavu walilibeba vipande. Aliomba kadi na ufunguo visitupwe.

Sasa kuna jambo sijawahi kukuambieni, wala Zuhura, wala mama yake aliyelala nami miaka thelathini na sita. Mwaka wa kwanza wa uhamisho wetu baba aliniita. Yeye aliandika kwa herufi za Kiarabu tu, na Zafy alisoma Kifaransa kidogo, kwa hiyo barua zote niliziandika mimi. Akaniambia, "Mwandikie Zafy kwamba gari ni lake. Alitumie anavyotaka, ale yeye na wanawe. Sisi haturudi." Nilisema ndiyo baba. Sikuandika. Nilikuwa kijana, na gari lile nililipenda, na nilijua Zafy akilitumia atalichakaza. Nikajiambia nitalifuata mwenyewe mambo yakipoa. Baba akawa ananiuliza mbona Zafy hajibu, nikawa nasema posta ya nchi zile mbovu. Alikufa akidhani barua imekwenda.

Velo aliniwekea ufunguo kiganjani, akanifumba vidole. Kisha akaniuliza lile alilokuwa akimwuliza Mariama sokoni miaka yote.

"Zandry, baba yako hakuacha neno lolote juu ya gari?"

Kuku walikuwa wakiparura kwenye yale mawe. Nilimtazama usoni kwa kadiri ninavyoona.

"Hapana, zoky," nikasema. "Hakuacha."

Alishusha pumzi, akapangusa macho kwa ncha ya leso.

"Basi Zafy alifanya sawa," akasema.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuchelewa popote, kila chombo kiliondoka kwa saa yake. Sikumbuki nilichokula. Jaovita nilimwambia abaki na gari lake, akasema atakitunza na kibati vile vile. Zuhura alinipokea uwanjani, akanichukulia sanduku. Ndiyo maana sijaja gereji Ijumaa mbili hizi, na ile moja niliyokuja nilikujibuni vile.

Juzi nilichukua karatasi na kalamu, nikakaa mezani peke yangu. Nilitaka kujua tu barua ile ingenichukua muda gani. Nikaandika kwa Kifaransa, kwa mkono huu wa kizee na macho haya, barua yote kama baba alivyoniambia: Zafy, gari ni lako, litumie utakavyo, ule wewe na wanao, sisi haturudi. Nikatia tarehe, nikatia jina la baba chini. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Dakika nne hazikutimia.